Nilivyotuandikisha Kuwa Wageni

Siku ile, kwenye meza ya karani wa ofisi ya zone, yaani ya wilaya, hapa Kolwezi, tulikuwepo watu saba. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba yetu, mwenye miaka ishirini na mitatu. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, wa miaka kumi na saba, ambaye alivaa sare ya shule ingawa ilikuwa likizo, kwa sababu hakuwa na gauni jingine la kusimama nalo mbele ya serikali. Alikuwepo kitinda mimba wetu, naye msichana, wa miaka kumi na mmoja. Alikuwepo mjomba, kaka wa mama yetu. Alikuwepo kambo, yaani bibi yetu mzaa mama, ambaye alipewa kiti peke yake. Alikuwepo jirani yetu mwenye lori, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka mashariki. Wa saba alikuwa karani mwenyewe, abakosi yake, koti la kiserikali lisilovaliwa na tai, imefungwa vifungo hadi shingoni kwenye joto lile la mwezi wa nane. Baba na mama hawakuwepo. Mama alikuwa na miaka sita kaburini, baba mitano.

Tulikwenda kutafuta karatasi moja, ya kuonyesha kwamba mdogo wangu ni Mzaire. Alikuwa amefaulu na kupata nafasi katika shule ya wauguzi, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki mbili. Bila karatasi hiyo nafasi ingepewa mwingine, kwa maana orodha ya waliokuwa wakingoja ilikuwa ndefu, na ilibandikwa mlangoni ili kila mtu aione.

Sababu ya karatasi hiyo kukosekana ilikuwa mimi.

Baba yetu alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Angola, katika kijiji kilicho karibu sana na Dilolo hata alikuwa akisema jogoo wao mmoja aliwaamsha watu wa nchi mbili. Alikuja akiwa kijana kuchimba mawe pale Nzilo bwawa lilipojengwa, akamwoa mama, kisha akaenda kwenye machimbo ya manganizi ya Kisenge. Reli ya kwenda baharini ilipofungwa kwa sababu ya vita vya ng'ambo, manganizi yalirundikwa pale hadi yakaota majani, na baba akatuleta Kolwezi. Tulipanga nyumba katika mtaa wa cité ya Manika. Alikuwa na kitabu kidogo cha kijivu, kitabu cha mgeni mwenye ruhusa ya kukaa nchini. Kila mwezi wa kwanza alikipeleka kugongwa muhuri. Kwenye mstari wa utaifa paliandikwa kwamba yeye ni Mreno, kwa kuwa wakati kilipotolewa Angola ilikuwa bado chini ya Wareno, na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kubadilisha.

Mimi niliacha shule darasa la tano mama alipoanza kuugua. Nilijifunza kutengeneza baiskeli. Baba naye alipougua, aliniambia neno moja mara nyingi: "Kitabu hiki kisilale." Alikuwa na maana kwamba muhuri usipite mwaka. Alikuwa ameona watu wakitolewa kitandani na kupelekwa mpakani kwa sababu ya muhuri wa mwaka uliopita. Alikufa mwezi wa kumi na moja.

Mwezi wa kwanza ulipofika nilikwenda na kitabu. Nilipanga foleni nyuma ya Mgiriki mwenye duka na Wazambia wawili. Nilipofika dirishani, karani wa wakati ule, si huyu wa baadaye, alifungua kitabu akauliza, "Mwenyewe iko wapi?"

"Alikufaka."

"Sasa unataka nigonge muhuri kwa kaburi?"

Watu wakacheka nyuma yangu. Nikamwambia baba alisema kitabu kisilale. Karani akanitazama kwa muda, akaona kwamba sifanyi mzaha.

"Uko na badogo?"

"Wawili."

"Nibaandike mu kitabu, na weye pamoja nabo?"

"Utuandike bote," nikasema.

Akatuandika sote watatu chini ya jina la baba, nami nikatia saini mara tatu, kwa herufi nzurinzuri za darasa la tano. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyemaliza kazi kubwa. Niliwaonyesha wadogo zangu majina yao. Nikakifunga kitabu ndani ya nailoni, nikakiweka chini ya godoro. Kwa miaka minne nilikipeleka kila mwezi wa kwanza, nikatia saini, nikalipa, hata mwaka ambao tulikula bukari, yaani ugali, kwa chumvi tupu mwezi mzima ili malipo yapatikane.

Jambo la ajabu, na sikuliona wakati ule, ni kwamba upande wa pili tulikuwa tukiishi kama raia. Kila Jumamosi asubuhi nilikwenda salongo, kazi ya lazima ya raia, kufagia barabara na kuzibua mitaro, kwa sababu shefu wa avenue, mkuu wa barabara yetu, alipita mlango kwa mlango. Mchango wa chama tawala nililipa. Wadogo zangu waliimba nyimbo za asubuhi shuleni mbele ya bendera, na walipochaguliwa kucheza kwa ajili ya wakubwa wa serikali waliopita mjini, walicheza kwenye jua hadi kitinda mimba akaanguka. Watu wa serikali waliniita "sitwayen", yaani raia, walipotaka kitu kwangu. Hakuna aliyewahi kuniambia, acha ufagio, wewe ni mgeni.

Kwa hiyo mdogo wangu alipoletewa orodha ya karatasi za shule, nilikwenda ofisini nikiwa na moyo mwepesi, kitabu mkononi, nikidhani ndicho kitakachonisaidia. Karani huyu wa abakosi alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa mgodi aliyeletwa kutoka Kasai zamani. Alikisoma polepole, kisha akainua macho.

"Hapa banasema muko Bareno."

Niliinama kuutazama mstari aliouonyesha.

"Mureno sawa weye, ulichomwa na jua ya wapi?" Alicheka, mwenzake wa meza ya pili naye akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mama yenu alikuwa wa wapi?"

Nilimtajia kijiji cha mama, karibu na Nzilo.

"Sikia, kijana. Kwa mama yenu mulikuwa ba hapa. Sheria inasema vile, muzazi moja wa hapa anatosha. Lakini utaifa ya Zaire iko moja. Ukikamata ya bengine, ya hapa inakutoka. Na weye njo ulikuja kubaandikisha. Saini yako hii, na hii, na hii."

Aligeuza kurasa, mwaka baada ya mwaka. Kila mwaka nilikuwepo.

Nilimuuliza kama Angola watatujua. Akasema kule hatujaandikwa popote, na hata hao Wareno wenyewe hawatujui. Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye naye kuna watu wanaomwita mgeni ingawa alizaliwa hospitali ya hapa, ila karatasi yake iko sawa, na ndiyo sababu analala usingizi. Kisha akanieleza cha kufanya. Nimlete mtu wa ukoo wa mama, mtu mzima, akubali kwa mdomo na kwa mkono kwamba watoto hawa ni wake. Nimlete na shahidi wa pili, jirani mwenye kazi inayojulikana.

Shahidi wa pili alipatikana siku ileile. Jirani yetu alikuwa chini ya lori lake, miguu tu ikionekana. Nilimweleza nikiwa nimechutama.

"Mwanangu," alisema kutoka chini kule, "miaka kumi nawaona mkitoka mlango ule. Nitaapa. Nikiapa uongo, Mungu aniangushie injini hii kifuani. Na mjomba wako nitamfuata na lori. Mafuta nitatia mimi, wewe tia maneno."

Maneno ndiyo yaliyokuwa kazi. Kesho yake nilipanda baiskeli hadi kijijini kwa mjomba. Kwa watu wa mama yangu mtoto ni wa tumbo, ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye watoto. Sikutegemea ubishi. Mjomba alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza hadi mwisho akiendelea kusuka kikapu.

"Mwipwa," alisema, "kama muko bangu, mi sikatae. Nilijua tangu muko mu tumbo. Lakini kujua na kuandika kwa serikali si kintu moja. Nikiandika, siku mutakosea banakuja kwangu. Unakumbuka ile myaka ya vita, basoda ba kutoka Angola baliingia Kolwezi. Kila mwenye alikuwa na ndugu ku mupaka, serikali ilimubeba kumuuliza. Bengine balirudi, bengine hapana."

Nilikumbuka. Nikamwambia sisi hatuna kosa.

"Tata yenu naye hakukuwa na kosa. Alikuwa na deni tu." Akaweka kikapu chini. "Alipooa dada yangu, kazi ya mukwe iko myaka tatu. Anakata miti, anachoma, anamulimia mama-mukwe shamba mupya kila mwaka. Tata yenu alilima mwaka moja. Ya pili akasema anaenda kutafuta chumvi. Kumbe chumvi iko Kisenge."

Kambo alikuwa amekaa mlangoni akimenya mihogo. "Chumvi ile ningali naingojea," akasema.

Sikuwahi kusikia habari hii. Baba hakuitaja. Nilijaribu kusema kwamba wote wawili wameshakufa na ndoa imekwisha.

"Ndoa imekwisha," mjomba akajibu, "lakini mama angali anakulaka. Mi siuzishe kiapo. Usifikiri vile. Nitakuja na nitaapa. Lakini mbele ya ukoo, kama naingiza batoto mu mikono yangu, banaume hapa batauliza, na kazi ya tata yabo? Nitabajibu nini?"

"Utawajibu nitaifanya mimi. Miaka miwili iliyobaki."

Alinitazama mabega, kama mtu anayenunua ng'ombe mkondefu. "Weye uko fundi wa kinga," akasema, yaani wa baiskeli. Kambo akasema kukata miti si lazima kujifunza, ni lazima kuamka. Basi yakaisha hivyo.

Jirani alitimiza neno lake. Alimketisha kambo mbele, mjomba na mimi tukakaa juu ya magunia ya mahindi, na asubuhi ile tukasimama sote mbele ya karani, kama nilivyosema, isipokuwa kambo aliyekaa.

Karani alianza na jirani, akaandika. Kisha akamgeukia mjomba.

"Batoto hawa iko ya nani?"

"Ya dada yangu. Basi iko yangu."

"Unajua ukiweka kidole hapa, banakuwa juu yako? Wakikosa kodi tunakuita weye. Wakivuka mupaka bila ruhusa tunakuita weye."

Mjomba alikifuta kidole kwenye suruali, akakifuta tena, hata jirani akakohoa. Nilifikiri atarudi nyuma. Kisha kambo akasema, bila kumtazama mtu, "Tumetoka mbali. Weka kidole, twende tukakule." Mjomba akaweka kidole kwenye wino.

Nikapumua. Nilidhani tumemaliza. Karani alikuwa bado ameshika kitabu cha kijivu, kidole chake kikiwa kwenye saini yangu ya kwanza.

"Weye. Siku ile ulikuwa na myaka ngapi?"

"Kumi na minane."

"Hapo njo iko matatizo. Badogo balikuwa batoto, saini yako haibafunge. Banafuata mama, banafuata mujomba, inaisha leo. Lakini weye ulisaini sawa mutu muzima. Kila mwaka, mu akili yako, ulisema uko mwananchi wa kwingine. Yako haiishe hapa. Inaenda Kinshasa kuomba urudishiwe. Inaenda, inakaa. Pengine inarudi."

"Na kama tukiomba pamoja?" nikauliza.

"Mu faili moja? Naweza. Ni vizuri hata, familia inaonekana moja, bakubwa bataamini zaidi. Lakini itabidi hawa nabo bangoje weye." Alitazama sare ya mdogo wangu. "Hapana wiki mbili. Myaka."

Mdogo wangu alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema nini, na nilijua akishasema sitaweza kumpinga mbele ya watu. Nikamtangulia.

"Toa hawa wawili kwenye faili langu."

"Yaya, kaka yangu," alisema.

"Toa hawa wawili, sitwayen."

Karani akavuta fomu mpya. Aliandika jina la mdogo wangu, kisha la kitinda mimba. Alipofika kwenye mstari wa mlezi aliinua kalamu, akanitazama, na hakuuliza. Mimi ndiye niliyesema: "Mjomba wao." Miaka mitano mstari ule nilikuwa naujaza mimi, katika daftari za shule, katika kadi za zahanati, kwenye karatasi ya mazishi. Akaandika jina la mjomba. Kwa maandishi ya serikali, tangu saa ile, wadogo zangu walikuwa na mlezi Mzaire kijijini, na mimi nilikuwa Mreno anayekaa nao nyumba moja.

Nje, mdogo wangu alishika karatasi yake kwa mikono miwili, mbali na mwili, ili wino ukauke.

"Sasa ku fomu ya shule banauliza ndugu wa karibu," alisema. "Nitakuandika weye nani?"

"Andika mjomba."

"Na weye?"

"Andika jirani."

"Jirani ni mimi," mwenye lori akasema akipanda. "Usininyang'anye cheo. Wewe ni mkubwa wao, upande gani wa mpaka, hilo aulizwe karani."

Tulicheka kidogo. Mdogo wangu alikwenda shule siku waliyofungua, na sanduku la mbao nililompigilia misumari mwenyewe. Barua yake ya kwanza ilikuwa fupi: chakula ni kidogo, anatomia ni ngumu, wamepewa viatu vyeupe.

Nami nikaanza kulipa deni la baba. Miti ilikuwa imechelewa kukatwa, kwa kawaida hukatwa mapema kiangazi ili ikauke kabla ya mvua. Jumamosi nilifanya salongo kwanza. Nilijaribu mara moja kumwambia shefu wa avenue kwamba serikali imeandika mimi si raia, basi nipumzike. Akanikabidhi ufagio. "Mutaro hauulize karatasi," alisema. Nikamaliza mtaro, nikafunga shoka kwenye baiskeli, nikaenda. Kwenye kizuizi karibu na bwawa la Nzilo askari walikuwa wakisimamisha wapita njia. Mara ya kwanza askari mmoja kijana alisoma kitabu changu cha kijivu akaita wenzake waje waone.

"Mureno, unaenda wapi na shoka?"

"Kumulimia kambo yangu."

"Bareno bako na kambo kijijini?"

"Huyu iko naye."

Wakaniacha nipite. Baada ya hapo walinizoea, wakawa wananiita kwa jina hilo kutoka mbali, nami nikawa nageuka nikiitwa.

Kwa wiki sita nilikata, nikapogoa, nikarundika. Jumapili jioni nilirudi mjini na mikono iliyovimba, Jumatatu nikashindwa kushika spoki. Kitinda mimba alikuwa akinipaka mafuta ya mawese kwenye viganja na kuniuliza kama yeye naye siku moja atalazimika kumlimia mtu. Nilimwambia hapana, yeye ana karatasi, ingawa sikuwa na hakika kwamba jambo moja linazuia jingine. Tulichoma mwezi wa kumi mwishoni, nusu ya magogo bado mabichi, moshi ukajaa bonde zima. Mvua zikaja. Nilipiga matuta, mjomba akanisaidia siku mbili ambazo hakulazimika, na wake za binamu zangu wakapanda mihogo.

Faili langu lilikwenda Kinshasa. Karani aliniambia amelituma yeye mwenyewe na kwamba nisiulize kabla ya mwaka kupita. Mwezi wa kwanza ulipofika nilipeleka kitabu kikagongwe muhuri, kwa sababu mpaka watakaponijibu sina kingine cha kuonyesha. Nilipanga foleni. Mgiriki alikuwa amehama, Wazambia walikuwa wengine. Safari hii kwenye kurasa palikuwa na jina langu peke yake chini ya la baba, na majina mawili yaliyokatwa kwa rula.

Mihogo iliposhika, kambo alikuja kulikagua shamba. Alitembea tuta kwa tuta akishikilia bega langu. Alisema matuta yameachana mno, na pale chini maji yatasimama. Baba yako, alisema, alikuwa mvivu wa kukaa, lakini matuta yake yalikuwa mazuri. Nikamwambia nimesikia.

Tulipofika mwisho wa shamba alisimama, akapumua, akaelekeza fimbo yake msituni, kuelekea kichuguu kikubwa chenye mti juu yake.

"Shamba ya mwaka kesho itaanzia hapa," alisema. "Inaenda mpaka kule nyuma ya kichuguu. Ile ikiisha, basi."

Niliitazama miti. Ilikuwa minene kuliko ya mwaka huu. Nilianza kuihesabu, nikafika arobaini kabla ya kichuguu, nikaacha.